Nyumba Iliyotazama Geti

Migosi, Kisumu
9 Februari 2024

Aloo nyathina,

Kabla hujasoma mbali, mwanangu, ujue anayekuandikia ni mtu aliyewaonyesha wakubwa wa uwanja wa ndege wa Kisumu upepo unatoka wapi. Walikuja na mashine zao na kofia za plastiki, wakasimama pale wakibishana kama akina mama wa soko. Mimi nikalamba kidole, nikakiinua, nikasema, "Ziwani, alasiri." Rubani mmoja alinishika mkono akatokwa na machozi. Mpaka leo ndege ikitua Kisumu inatua kwa kidole changu.

Nasema hivi kwa sababu nasikia unataka kujenga nyumba ya mama yako kwenye ile ploti aliyoacha baba yako, ndugu yangu Opiyo, na unatafuta msimamizi. Usitafute. Mtu anatafutaje maji na amesimama ziwani?

Simu sitaki. Kwa simu mtu anasema sawa sawa na hakuna aliyesikia. Nitaandika kwa mkono wangu, Rehma wa saiba, lile duka la kompyuta, atapiga picha akutumie huko Doha. Wewe ukijibu atanichapia, nisome nikiwa nimekaa.

Mama yako anakusalimu. Bado yuko kwenye kile chumba cha kupanga. Kifua ni kile kile, moshi wa samaki aliouvuta Usenge tangu akiwa msichana haujatoka na sijui kama una nia ya kutoka. Mchana bati likishika moto anatoa kiti na kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Mimi niko sawa. Nakula, nalala. Tangu tumzike baba yako samaki hana ladha mdomoni mwangu, lakini hicho ni kitu kidogo.

Ni mimi,
Obonyo
Mshauri wa Upepo, Uwanja wa Ndege (mstaafu)


Doha
17 Februari 2024

Baba Obonyo,

Barua imefika. Baba aliniambia ulikuwa unakata nyasi pale uwanjani. Lakini sawa, mkata nyasi naye anausikia upepo.

Nakubali usimamie. Ukiona naandika kama karani usiudhike. Niko hivyo tangu mazishi. Nilisimama kando ya kaburi kule Usenge kama mtu anayengoja lifti, na sijui kama ilifika.

Nataka uelewe kitu kimoja kabla mtu hajashika jembe. Kazi yangu huku ni kupoza majengo. Karibu kila wiki tunaitwa kwenye jengo lililokwisha, zuri, vioo vitupu, na watu walio ndani wanachemka. Tunapasua dari jipya kupitisha mabomba ya hewa, tunatoboa nguzo ambazo hazikufaa kutobolewa. Aliyechora alikumbuka marumaru, akakumbuka mahali pa maua, akasahau kwamba humo ndani watu watapumua. Hewa haiongezwi mwishoni kama chumvi. Ukishamwaga zege, umeshaamua.

Ndiyo maana mchoro wa Mama nimeukalia muda mrefu. Dirisha kubwa la chumba chake linatazama ziwa, ule upepo wa alasiri uingie wenyewe. Ukuta wa upande wa pili una matundu karibu na dari, joto lipande litoke. Kuna tundu moja la bomba linaloinama kuelekea nje, na waya wake peke yake kutoka kwenye mita, kwa sababu siku zile mbaya kabisa, jirani akichoma takataka, tutafunga madirisha na kuwasha mashine ya kupoza. Bila tundu na waya huo, mashine ni pambo.

Fuata mchoro kama ulivyo.

Siku za mwisho Baba alikuwa anasema, "Fungueni mlango," na mlango ulikuwa wazi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Aloo


Migosi
22 Aprili 2024

Aloo nyathina,

Msingi umesimama! Watu wanatoka mpaka Kibos kuja kuuona. Jana alikuja injinia mmoja, sijui wa kaunti sijui wa nini, akauzunguka akauzunguka, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, mimi nilisomewa, sikusoma." Akaandika hiyo.

Fundi ni Nabututu, mtu wa Busia, mkono mzuri ila anauliza maswali mengi. "Mzee, mchoro unasema hivi, mzee, mchoro unasema vile." Nikamwambia mchoro hausemi, mimi ndiye nasema. Mchoraji wako amejitahidi, ila alisahau jambo moja la heshima ambalo mtu wa ofisini hawezi kulijua. Nimelirekebisha. Siku utakapoiona utanishukuru ukiwa umepiga magoti.

Mama yako alipita kuona. Alisimama kwenye msingi mahali chumba chake kitakapokuwa, akashika kifua, akasema, "Ni kikubwa." Basi. Tulisimama hapo mpaka mchanganyiko wa simenti ukawaishia mafundi, wakaomba tutoke njiani.

Obonyo
Msimamizi Mkuu


Doha
30 Aprili 2024

Baba,

Asante kwa habari ya msingi. Ulirekebisha nini?

Aloo


Migosi
19 Mei 2024

Aloo nyathina,

Mvua imetupiga sana. Maji yalijaa barabarani mpaka nikaona kambare amekuja kupiga hodi kwa Oluoch, huyu jirani mwenye nyumba ya ghorofa za kupangisha. Nilimkamata kwa mkono mmoja, mwingine nikiwa nimeshika mwavuli. Alikuwa na urefu wa kitanda.

Kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nabututu anakusalimu. Rehma anauliza kama huko kuna mvua.

Obonyo


Doha
25 Agosti 2024

Baba,

Picha za paa nimezipata kwa Rehma. Mabati yamekaa vizuri.

Kuna picha moja imepigwa jioni. Jua linapiga ukuta mzima mtupu, ukuta usio na hata tundu. Jua la jioni linatoka upande wa ziwa. Kwenye mchoro, upande huo ndio wenye dirisha kubwa la Mama.

Nimegeuza picha kila namna. Niambie nimekosea.

Aloo


Migosi
4 Septemba 2024

Aloo nyathina,

Hujakosea. Una macho kama ya ndugu yangu.

Sasa sikiliza na usinikatize. Mchoraji wako aliuweka mlango mkubwa ubavuni, mgeni akiingia getini anaona ukuta, halafu azunguke kama anatafuta choo. Mlango wa mke wa Opiyo! Wewe umekaa huko mbali lakini si umezaliwa kwetu? Nyumba ya mama mwenye boma inatazama geti. Mtu akiingia, mlango umuone, naye auone. Nyumba isiyotazama geti ni ya kupanga, ni stoo, ni ya mtu asiye na mtu. Opiyo alikufa kabla hajamjengea. Ningemjengea mimi, halafu nimgeuzie mgongo?

Kwa hiyo nilichukua mchoro nikauzungusha kidogo tu, mlango ukaja mbele. Nyumba yote ikazunguka nao. Hakuna kilichopotea! Vyumba ni vile vile, madirisha ni yale yale, hesabu yake Nabututu aliifanya. Nyumba ikigeuka ni kama mtu kitandani, akilalia ubavu wa pili anapungukiwa nini?

Na kwa kuwa tunasema ukweli, yale matundu ya juu niliyaziba. Nyumba ya ndugu yangu si banda la kuku. Lile tundu lingine la bomba nilikuta limeinama kuelekea nje kama njia ya nyoka, nikalijaza simenti mwenyewe kwa mikono yangu. Waya tuliweka ule wa taa, stima ni stima.

Nabututu aliuliza. Niseme hivyo. Aliuliza mara ya kwanza na ya pili, nikamfukuza akanywe chai.

Obonyo
Ndugu wa Opiyo


Doha
15 Septemba 2024

Baba Obonyo,

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za jengo ambalo tulikuwa tunapasua dari lake. Nilingoja nikasirike. Nilingoja mpaka wenzangu wakaja kuniita.

Naielewa habari ya mlango. Mchoraji ni mimi, sikuifikiria na ningepaswa kuifikiria. Ungeniambia mwezi wa pili, ningechora upya, mlango utazame geti na dirisha litazame ziwa. Ilikuwa kazi ya jioni moja, ya kalamu na kifutio. Sasa ni kazi ya nyundo.

Ulipozungusha nyumba, dirisha la Mama lilikwenda kutazama ukuta wa Oluoch, na kati yao kuna uchochoro wa kupita mtu mmoja. Ukuta mtupu ndio ulioelekea ziwani. Upepo utafika, utaugonga, utapita juu ya bati. Joto likipanda halina pa kutokea. Mashine haiwezi kuning'inizwa, bomba halina njia, na ule waya wa taa utaungua. Umemjengea chumba kile kile alichofia Baba. Hiki kina rangi tu.

Nimezungumza na Nabututu. Ana kazi Siaya mpaka mwisho wa Januari. Februari atakuja kuvunja ukuta wa magharibi na kuweka dirisha, na kufungua matundu uliyoyaziba. Mlango utabaki unatazama geti. Mama asihamie kabla ya hapo.

Aloo


Migosi
6 Januari 2025

Aloo nyathina,

Heri ya mwaka mpya. Mama yako amehamia.

Usiruke. Mwenye chumba alikihitaji, na Krismasi ilikuwa mlangoni, na watu wa kanisa walikuwa wamesikia kuna nyumba. Ungeona! Aliingia getini kwa mguu wake, mlango ukamuona naye akauona. Akina mama wakaimba. Mimi nilitoa hotuba, watu wakasahau chakula.

Na upepo upo. Nakuambia upo. Ninyi mnapima kwa mashine, lakini ziwa mimi nimekua nalo, tunajuana. Nilikwenda mwenyewe nikasimama ufukweni Dunga, nikaliambia, "Wewe, nimekutumikia miaka mingi, mke wa ndugu yangu yuko Migosi, ukuta usikuzuie." Baada ya chakula cha mchana mama yako akijinyoosha kitandani, upepo huo unazunguka nyumba, unaingia uchochoroni, unapanda dirishani. Muulize.

Kwa hiyo mambo ya nyundo tuyaache. Ukuta ukivunjwa vumbi litamuua kabla ya joto.

Obonyo
Mshauri wa Upepo


Migosi
19 Januari 2025

Mwanangu Aloo,

Ni mimi mama yako. Mimi nasema, Rehma anaandika. Nimemkataza kuongeza maneno.

Nyumba ni nzuri. Sakafu inateleza, natembea polepole. Asubuhi nakaa mlangoni nawaona wote wanaopita getini, wananisalimia. Sijawahi kukaa mahali ambapo watu wananiona kwanza.

Mchana chumba kinapata joto. Lakini nikishalala kidogo upepo huja dirishani. Hauji wote mara moja, unakuja unapumzika, unakuja unapumzika. Una harufu ya dagaa wetu, omena. Nikifumba macho niko Usenge, nimeanika, baba yako anashusha nyavu. Napata usingizi.

Usiwe na wasiwasi. Baba yako Obonyo amekonda kidogo lakini ananisaidia.

Kula chakula.

Mama yako, Dorca


Doha
26 Januari 2025

Baba Obonyo,

Nimepata barua ya Mama. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Kwa hesabu zangu upepo huo haupaswi kuwepo. Lakini mchoro haukai Migosi, Mama anakaa. Labda ukuta wa Oluoch unaukamata na kuugeuza kwenye uchochoro. Nimeona mambo kama hayo huku, mara moja moja. Nimemwambia Nabututu asije. Ana kazi nyingine Siaya, atachukua hiyo.

Nilipofika pale kwenye harufu ya omena nilishika ukuta. Sikulia. Lakini kuna kitu nilisikia, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, ile michomo midogo. Tangu Baba afe sijasikia hata hiyo.

Nilikuandikia maneno makali Septemba, kuhusu chumba alichofia. Nayarudisha. Ulikuwa sahihi nami nilikosea, na sijui lini mara ya mwisho nilifurahi kukosea.

Asante, Baba.

Aloo


Migosi
11 Februari 2025

Aloo nyathina,

Barua yako Rehma alinichapia, akanipa, akaniangalia namna ambavyo mtoto wa watu hapaswi kumwangalia mzee. Nimeiweka mfukoni siku zote hizi. Nilianza kukujibu kuhusu upepo unavyogeuzwa na kuta, na habari ya meli moja iliyowahi kupeperushwa mpaka Awasi penye nchi kavu. Ni hadithi nzuri. Sikuimaliza.

Wiki iliyopita nilikwenda Awasi kweli, kumzika shemeji wa mke wangu. Nilitoka asubuhi nikidhani nitarudi kabla ya chakula cha mchana, lakini unajua hotuba za watu. Nilisema na mimi pia, kidogo. Niliporudi nilikuta geti wazi na mlango wazi, mama yako hayupo. Pumzi ilimkataa saa ile bati linapowaka. Wapangaji wa Oluoch walimsikia wakamkimbiza hospitali. Walimwekea ule mvuke usoni, wakamlaza, wakamwachilia kesho yake. Yuko nyumbani. Anaongea. Usipande ndege, soma kwanza.

Daktari aliniuliza, "Hicho chumba kina hewa?" Nikafungua mdomo nimwambie habari ya uwanja wa ndege. Nikaufunga. Nilikuwa mtupu kama debe, na hata aibu sikuisikia.

Aloo, huo upepo ni mimi.

Wiki ya kwanza alipohamia nilimsikia kupitia dirishani anavuta pumzi kama anavuta mtungi kutoka kisimani. Feni ya Rehma tulijaribu, ikawa inazungusha joto lile lile na kumkohoza. Na mimi ni shemeji, chumba chake cha kulala siingii, watu wana midomo. Kwa hiyo nilikwenda kwa mama anayeuza omena pale sokoni, nikaazima ungo wake. Nikauficha chini ya koti, mtu mzima, nikaingia nao uchochoroni. Nikasimama chini ya dirisha nikapepea. Hewa ya uchochoro ina kivuli, ukiisukuma inaingia. Nikichoka napumzika. Pazia linanificha. Harufu iliyokufanya ushike ukuta ni ya ungo, haujawahi kuoshwa.

Wapangaji wa juu wananiona. "Mzee Obonyo, unapepeta nini na ungo ni mtupu?" Nawaambia napepeta joto, makapi yake yatawaangukia. Wanacheka. Kila siku mchana niko pale, mpaka bega la kulia likawa haliinuki, nikahamia la kushoto. Siku ya Awasi hapakuwa na bega lolote.

Mwambie Nabututu aache Siaya aje na nyundo. Avunje ukuta wa magharibi, afungue matundu, atoboe lile tundu la nyoka, avute na waya wake. Vumbi likija mama yako atakaa kwangu, mke wangu ameshatandika. Mlango tu ndio naomba ubaki unatazama geti. Na nyumba nyingine ikijengwa kwenye ploti hii, niite nikiwa bado sijashika kitu, tukae mimi na wewe na hiyo karatasi, unionyeshe upepo unapita wapi na mimi nikuonyeshe mgeni anapita wapi.

Samahani kwa ile michomo ya mguu. Najua uliipata kwa uongo wangu. Sijui kama inarudishwa.

Nilidhani mama yako hajui. Jana, ametoka hospitali, nikarudi uchochoroni kama kawaida, nimechelewa kidogo. Nikainua ungo. Akasema kutoka ndani, bila kufungua pazia, "Upepo, leo umechelewa." Upepo haujibu. Nikapepea. Baada ya muda akauliza, "Upepo, umekula?"

Sikujibu. Lakini nilikuwa sijala.

Obonyo